Baka la Kuku

Mimi kupika najua. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na yeyote aliyewahi kula katika ile nyumba ya Al-Safa, Jeddah, nilikofanya kazi miaka sita, atakwambia. Kwa hiyo siku binti wa madam alipoingia jikoni akasema anataka kuku mbichi, nilidhani ananitania.

Wapi! Alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja, na amekuja kwa mamake apumzike. Zamani yeye na mumewe walisoma Japani. Huko, akasema, kuna mikahawa inayouza kidari cha kuku kibichi, kimekatwa vipande vyembamba, kwa tangawizi na sosi ya soya. Akanionyesha picha kwenye simu. Sitadanganya, kilipendeza. Nyama ya rangi ya waridi, inang'aa, imepangwa duara juu ya barafu, hata mate yakanijaa mdomoni. Tangu mimba iingie, akasema, hawazi kitu kingine. Nilimwelewa. Nami nikiwa mjamzito huko kwetu Kenya nilitafuna odowa, yale mawe laini wanayouza sokoni, na ukininyima nalia. Hamu ya mimba haichekwi.

Lakini kumpa kuku mbichi? Ng'o!

"Kuku wa kule huchaguliwa kwa kazi hiyo, na huliwa siku ile ile anapochinjwa," akanieleza.

"Na hakuna anayeugua?" nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Akasita. "Wapo."

"Sasa huyu wetu ametoka supamaketi, amepita mikono ya watu usiowajua. Unataka umwamini huyu?"

Akaenda kunishtaki. Madam akaja mbio. Wao wanaamini kwamba mjamzito akinyimwa anachokitamani, mtoto huzaliwa na baka mwilini lenye rangi au umbo la kitu hicho. Wanaliita wahma.

"Mpe anachotaka, yalla," madam akasema. "Nikiona baka kwa mjukuu wangu, utajibu wewe."

"Nitajibu, madam. Lakini kuku mbichi kwa mkono wangu huu, mafi, hakuna."

"Basi kesho nakurudisha ofisini. Wapishi wamejaa kule."

Niliogopa, nisiseme uongo. Kurudishwa kwa wakala kama shati lisilotosha si jambo la kutamani, na mwanangu alikuwa shule kwa jasho langu. Ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikaweka kisu chini, nikawaambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kabla ya Jeddah nilifanya kazi Riyadh. Ijumaa moja nilipewa ruhusa, nikaenda mtaa wa Manfuha kumwona rafiki yangu wa nyumbani. Alikuwa amekimbia kwa kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, hana ikama, yaani kibali cha kuishi nchini, anaishi chumba kimoja na wenzake, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikajitia ufundi, nikasema leo nakukaangia kuku ule mpaka usahau taabu. Yule kuku alikuwa bado na barafu katikati, nami nilikuwa na haraka, dereva wa bosi alikuwa anakuja kunichukua. Rafiki yangu akauma paja. Kwenye mfupa kulikuwa na damu.

Niliiona. Hapo ndipo penye dhambi yangu: niliiona, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kuambiwa kwamba mimi, fundi mzima, nimeandaa kuku mbichi. Akala akamaliza, akanibariki.

Siku ya tatu tumbo na homa vikamlaza. Hospitali aliiogopa kwa kukosa karatasi. Wenzake walipombeba kwa nguvu, mimba ilikuwa imetoka. Hakuna daktari aliyeniambia ni kuku. Lakini mimi nilichokiona kwenye mfupa ninakijua.

Nilipomaliza, binti alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Madam akatoka. Ofisini sikupelekwa.

Nikachemsha kidari mpaka ndani kikawa cheupe kabisa, nikakipoza kwenye friji, nikakikata vyembamba, nikakipanga duara na tangawizi na ile sosi yake. Akaonja, machozi yakamtoka. "Siyo hii," akasema. "Siyo hii kabisa." Lakini sahani aliimaliza. Ikawa ndiyo desturi yetu: yeye anaomba kibichi, mimi nampa kilichoiva, yeye ananinunia, sahani inarudi tupu. Madam kila akipita alisema neno moja tu: "Tutaona."

Mwezi wa tisa mtoto wa kike akazaliwa. Waliporudi nyumbani madam akaniita chumbani, akafunua pajani mwa mjukuu wake. Palikuwa na baka la rangi ya waridi, kubwa kama dole gumba.

"Unaliona?" akasema. "Kuku wako huyo."

Mtoto alikuwa anapiga mateke na kulia kwa sauti ya kutoboa paa, mzima kama chuma.

"Naliona, madam," nikasema. "Hilo ni langu."

Nikainama nikalibusu. Na hapo, mbele yao wote, nikamlilia yule wa Manfuha, ambaye hata leo sijui kama alikuwa wa kike au wa kiume.