Kihesabu hatua cha Auma wa Kisumu Ndogo

Niaje wakuu. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na nitaieleza ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha.

Nilimaliza chuo, nikakaa nyumbani weee, halafu nikapata kibarua cha utafiti: kupima vijana wa Kibera na Kawangware wanatembea kiasi gani.

Kijana anavaa kihesabu hatua kiunoni wiki nzima. Kioo tunakiziba kwa stika, asije akaanza kutembea zaidi ili kujionyesha. Wiki ikiisha nasoma, nabonyeza kitufe, hesabu inarudi sifuri, kinapewa mwingine.

Auma, msichana wa form two kutoka Kisumu Ndogo, huko Kibera, hakuniacha nipumue.

"Si ufungue nione kidogo tu?"

"Mpaka wiki iishe. Na usikitingishe, sitaki hatua za uongo."

"Kwani ni matokeo ya mtihani wa KCSE?" Wenzake wakanicheka.

Hakumaliza wiki. Homa ilimshika ghafla, akalazwa, akafariki.

Mimi huwaza kupita kiasi. Nikaanza kujiuliza kama alijilazimisha kutembea akiwa mgonjwa kwa sababu yangu. Bosi naye akapiga simu: kihesabu kirudi, Kawangware wanangoja.

Nilienda matangani. Nilisimama nje ya mlango nikirudia kichwani sentensi yangu ya kuomba kihesabu, kisha nikaingia nikaisahau.

Mama Auma, ambaye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, alinionyesha bakuli juu ya kabati. Kihesabu kilikuwa humo.

"Aliitoa mwenyewe homa ilipoanza. Akasema hutaki hatua za uongo. Nimekataza watu kuguza hiyo kitu, daktari. Sitaki za mtu mwingine ziingie."

(Mimi si daktari. Sikuwa na nguvu ya kumrekebisha.)

"Ukienda nayo utaifuta?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Ndiyo, mama."

"Basi niachie. Nitamwekea kwa jeneza."

Nikatoka nje, nikampigia bosi, nikababaika. Akanikatiza.

"Mwachie. Hapa ofisini nitaeleza mwenyewe."

Nilipomwambia, mama alibandua ile stika polepole. "Alitaka kuiona," akasema. Yeye mwenyewe hakuisoma ile hesabu. Alikifunga kwa leso.

Ningenyamaza hapo, lakini mnajua watu kama mimi.

"Lakini mama, barabara ya huko nyumbani mnakoenda kumzika ni mbaya. Gari likirukaruka, kitaongeza hatua ambazo si zake."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Hizo ni zake. Kwani nani anaenda nyumbani?"

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Ofisini hatua kama hizo tulikuwa tunaziita "data zetu". Siku hizi, kabla sijafuta, namwonyesha kijana hesabu yake kwanza. Kule Riruta Satellite, karibu na Kawangware, vijana wananiona msumbufu, mmoja aliniambia, "Buda, nimeona, futa tu." Hata hivyo huwa nangoja mpaka kijana aangalie vizuri.

Mliowahi kufanya kazi kama hii mashinani, nyinyi mngefanyaje? Na kama nilikosea kutaja ile barabara, niambieni wazi. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo.