Nimeijaribu Makongolosi

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika simu. Nilikuwa nimetoka kwenye simu za waya, miaka mingi ya kupanda nguzo na kuunga nyaya, kwa hiyo nilijiona nazijua simu kuliko wote mle ndani. Mratibu wetu pale Iringa, mama wa Kihehe asiyecheka ovyo, aliitikia salamu yangu ya "Kamwene", akanikalisha kwenye stuli, akanipa kalamu na rola ya plasta nyeupe.

"Anza kwa kuandika jina lako," akasema. "Kila simu inayotoka hapa inabeba chini ya mfuniko wa nyuma jina la aliyeijaribu na mahali alipoijaribia. Na mahali penyewe ni kule simu itakakokaa, siyo hapa mezani. Ukiandika uongo, umejiandikia mwenyewe."

Nilinuna. Fundi mzima naandikishwa jina kama mtoto wa chekechea!

Ninyi mnaotupa simu kioo kikipata ufa, hebu nisikilizeni. Mradi wetu ulikusanya simu ambazo viwanda vilikuwa vimekwisha kuzisahau. Tulizifuta mfumo wake na kuziwekea mwingine, uliotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, wasiojuana hata sura. Kila mmoja aliandika sehemu yake na kuiacha wazi, mwenzake aisome na kuikosoa. Simu zilizofufuka hivyo zilikwenda kwa wahudumu wa afya vijijini.

Ila si kila kitu kilikuwa wazi. Kamera, sauti, na hasa modemu, yaani ile sehemu inayozungumza na mnara, ziliendeshwa na vipande vya programu ambavyo viwanda havikumwonyesha mtu ndani yake. Unavitoa kwenye simu kabla hujaifuta, unatunza nakala, kisha unavirudisha vilevile ndani ya mfumo mpya. Sisi tuliviita mizigo ya mgeni. Mgeni akija na begi lake unalipokea, unaliweka ndani, hulifungui. Mratibu alikuwa na neno lake juu ya mizigo hiyo: "Usichokifungua usikiapie. Kijaribu." Alilisema mpaka likatuchosha.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa Mbeya, kwenye karakana ndogo ya Uyole, jirani na malori yanapolala. Msimamizi wa Kanda alikuwa mtu mpole wa Kinyakyusa, mwenye kupenda kazi iishe na watu wasigombane. Hakuwa fundi. Alichoandika fundi ndicho alichoamini, na nadhani nilianza kuharibika hapo.

Toleo jipya la mfumo lilipotoka, simu kumi na mbili za wahudumu wa Chunya zilianza kujizimazima. Kipande cha zamani cha modemu hakikupatana na toleo lile. Utaratibu ulikuwa kusubiri wale wa kujitolea watafute njia. Mimi kusubiri siwezi, mama yangu alinisema kwa hilo tangu nikiwa msichana. Kwa fundi mmoja sokoni nilipata simu ya aina ileile iliyoletwa kutoka nje, yenye kipande kipya zaidi. Ukiziweka pamoja ni pacha. Nikautoa mzigo wa ile, nikaupandikiza kwenye zote kumi na mbili. Zikatulia. Hapo Uyole, minara kila upande, zilipiga, zikapokea, intaneti ikakimbia. Nilijisifu peke yangu.

Kilichobaki ni kuzipeleka Makongolosi, hukohuko Chunya, kuzijaribu. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, na Jumapili ile mtoto wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara, mpishi mkuu ni mimi.

"Mama Upendo, umeshazijaribu?" Msimamizi akauliza.

"Nimezijaribu."

"Makongolosi?"

"Makongolosi."

"Basi vizuri, gari linaondoka kesho."

Nikakata vipande kumi na viwili vya plasta, nikaandika jina langu na la Makongolosi kwenye kila kimoja. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kisha nikaenda kuchambua mchele.

Kwa zaidi ya wiki hakuna aliyelalamika. Wahudumu walikuwa wakituma taarifa zao kwa intaneti, nazo zilifika. Kumbe kipande kile kiliujua mtandao mpya tu. Vijiji vya pembezoni huko, simu ya sauti ilikuwa bado inapita kwenye mtandao wa zamani, na modemu ilipotakiwa kushuka huko ilikwama. Alama za mtandao zilionekana zimejaa kwenye kioo. Ukipiga, kimya.

Mhudumu mmoja aliitwa Sekela. Mchana kweupe aliitwa kwa mzazi aliyejifungulia nyumbani na damu haikukata. Akapiga simu ya gari la wagonjwa. Akapiga tena na tena. Mwishowe akakimbia kwa miguu kutafuta pikipiki. Aliporudi nayo, yule mama alikuwa amekwisha kufunikwa.

Sekela alikuja Uyole mwenyewe, amepanda basi tangu alfajiri, simu imefungwa kwenye leso. Aliniamkia, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Mama, naomba unifundishe tena," akasema. "Pale kijijini wanasema nilitaharuki, nikabonyeza vibaya. Na mimi naona ni kweli. Maana mtandao ulikuwepo, niliuona kwa macho yangu."

Nilifungua mfuniko wa nyuma. Plasta ilikuwa bado nyeupe. Niliufunga haraka, nikamwambia aniachie simu, nitaiangalia. Nilishindwa hata kumpa pole.

Msimamizi nilimweleza yote, na kulia nililia. Alivua miwani. "Andika kosa ni la kipande kilichofungwa," akasema. "Kwani si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Nani atakifungua aangalie? Tuzirudishe zote, tuzitengeneze, yaishe."

Nikaandika. Kila sentensi ya taarifa ile ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilikuwa mbaya. Simu kumi na mbili zilirudi, zikatengenezwa, nikazijaribu Makongolosi kweli safari hii, kumi na moja zikagawiwa. Ya Sekela haikuwa na wa kumpa. Alikuwa ameacha uhudumu.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Niliagwa kwa soda na khanga, Msimamizi akanisifu kwa umakini. Umakini! Nilitamani ardhi inimeze. Vijana huniuliza kama vipande vile vilivyofungwa vilikuwa vibaya. Kwa kweli sijui, sikuwahi kuona ndani yake. Ninachojua ni kwamba nilijificha nyuma yake, na palikuwa na nafasi ya kunitosha.

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwa Sekela. Simu ile nilikuwa nimeitunza, nikaiwekea laini na chaji. Sekela nilimkuta kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, vumbi limempaka mpaka kope. Tukakaa pembeni. Nikafungua mfuniko, nikamwonyesha plasta ileile, nikamwambia nilipoiandika sikuwa nimefika Makongolosi. Nikamwambia alibonyeza sawasawa, tangu mara ya kwanza.

Nilitegemea anitukane. Heri angenitukana.

"Ungeniambia siku ile, mama," akasema, "ningeendelea na kazi." Baadaye akaongeza, "Mume wa yule marehemu hakunisalimia tena."

Nikasema twende kwake sasa hivi, nimwambie mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alikuwa amehama tangu kiangazi, alikokwenda hakuna ajuaye.

Sikujua tena la kufanya. Nikamwekea simu ile mkononi, nikatoa yangu, nikampigia hapohapo. Ikaita. Hakuipokea. Aliikodolea macho ikiita mkononi mwake, mpaka ikakata yenyewe.

"Kumbe inaita," akasema.

Akanirudishia, akajifunga kitambaa chake puani, akaenda kuendelea na mawe.