Kibanja Nilichokifagia

Mama alikubali tuuze nyumba ya Kanoni kwa sharti moja: bei isimwaibishe baba. Presha ilikuwa inampeleka mama kliniki Nyakahanga kila mwezi, mgongoni mwa bodaboda, na mimi ninaishi huko huko, kwa hiyo nilitaka nimjengee chumba kando ya nyumba yangu. Baba hatunaye tena. Lakini kibanja kile, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ni jasho lake, na mama hakutaka kiende kwa bei ya kutupa.

Nikamwita mzee mmoja wa Bugomora, kule Kyerwa, anayesifika kwa kukadiria bei ya nyumba na vibanja. Na mimi kwa ujuaji wangu nikaona nimwandalie mazingira. Wiki ile mama alikuwa kwangu akisubiri vipimo. Nikapaka rangi kuta, nikabadilisha vioo vya madirisha, kisha nikaweka vibarua wawili wakakwangua kibanja chote kwa majembe. Nyasi zote na majani makavu ya migomba tukayachoma. Ardhi ikabaki wazi, safi, kama uwanja wa shule. Jamani, nilijiona nina akili!

Siku ya mzee kuja nikamrudisha mama nyumbani. Alipoona migomba imesimama kwenye udongo mtupu alishika kiuno. Mzee naye akafika. Shikamoo, marahaba, chai hakutaka. Sebuleni alipita tu, rangi yangu hata hakuitupia jicho. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akachuchumaa, akachokonoa udongo kwa kidole.

"Nani amekivua nguo kibanja hiki?"

Akachokonoa tena, akainua kipande cha mzizi.

"Mizizi ya mgomba iko juu juu, nanyi mmeikata. Upepo ukija, migomba hii inalala. Nyumba nzuri, sikatai, lakini anayenunua huku ananunua hiki kibanja."

Akataja bei. Ilikuwa aibu tupu. Mama akakaza kitenge chake, akaingia ndani bila kuniangalia.

Nilibaki pale nikimkumbuka baba. Kila kiangazi alitupeleka rweya, kule kwenye nyasi wanakochungia ng'ombe, tukarudi na mizigo kichwani, shingo zinawasha. Nyasi alizitandaza mwenyewe chini ya migomba, akirudi kinyumenyume ili asizikanyage. Ukikimbia humo ulisikia miguu inazama. Tulilalamika sana, Mungu anisamehe. Leo natamani shingo iniwashe vile tena, na yeye awe mbele yangu na panga lake.

Nikamfuata mama ndani nikamwomba radhi huku nalia, mtu mzima mimi.

"Waitu, mwanangu, ungeniuliza tu," akasema. Halafu akafuta macho yake. "Tukifunike kibanja kwanza. Hayo ya bei baadaye."

Tangu hapo kila Jumamosi ninakwenda Kanoni. Mimi nakata nyasi, mama anatandaza, kinyumenyume, na hataki nimsaidie. Nikikosea ananicheka, ananiita fundi rangi. Siku za kliniki namfuata kwa bodaboda, jioni namrudisha.

Wiki iliyopita yule mzee akapiga simu. Amepata mnunuzi, mtu wa maana. Je, kibanja kimeshafunikwa, aje akadirie upya? Mama alikuwa ameinama mbele yangu. Akanyanyuka na nyasi zake mkononi, akaningoja.

Nikamjibu mzee kwamba nyasi bado hazijatosha. Nilikuwa nimesimama ndani yake, zimenifika vifundoni, kama enzi za baba.