Machozi ya Shemeji

Harufu ya ulanzi uliochacha inanitia hasira hadi leo. Kwetu, karibu na Tosamaganga, mvua zikikolea kila nyumba ilinuka kinywaji hicho cha mianzi, na msimu mmoja wa miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka tisa, ndipo alipofariki bibi, mama yake baba. Mazikoni alikuja Kalisti, kijana mtanashati wa kijiji jirani aliyekuwa akimposa dada yangu Yustina. Akalia, we! Alipiga magoti kwenye tope hadi wanawake wakamwinua, wakisema, "Mwanaume mwenye huruma hivi utampata wapi?" Baadaye nikamkuta nyuma ya jiko anatafuna kiazi, macho makavu. Akanitabasamia. "Shemeji, nimelia vizuri?"

Nilimwambia mama. Akanitandika kofi. "Una wivu, binti wewe! Funga domo lako."

Yustina akaolewa. Hayakupita mavuno mawili akarudi, kiganja kimeungua. Alisema Kalisti alikishikilia juu ya makaa huku akimtazama usoni, hana hasira wala nini, kama mtu anayengoja chungu kichemke. Baba, mtu ambaye hakuwahi kumchapa hata mbuzi, akamwambia, "Aliyemlilia mama yangu vile hawezi kufanya hivyo. Umemkosea nini?" Kesho yake akamrudisha mwenyewe. Kalisti angekuwa mwanamke wangemwita mchawi na kumfukuza kijijini. Kwa kuwa ni mwanamume, wakasema ana msimamo. Upuuzi mtupu!

Mimba ya kwanza ikamuua. Uchungu ulimshika siku mbili, naye Kalisti amekaa uani anakunywa ulanzi, hakuita hata jirani. Mazikoni akalia tena, sauti ileile, magoti kwenye tope vilevile, na mama yangu mzazi akamfuta machozi. Kalisti namchukia, ndiyo, lakini yule hakuwa na moyo. Wazazi wangu walikuwa nao, na bado walimfungia mtoto wao mlango. Wote wameshazikwa na sijawasamehe.

Mjukuu wangu ananiambia siku hizi watu kama Kalisti wana jina lao hospitalini. Haya, na wawe nalo. Juzi alimleta mchumba wake hapa Mlandege, kijana mcheshi, nyumba nzima imempenda. Labda ni mwema. Mimi sijui, wala sijifanyi najua. Nilimshika mjukuu mkono mbele ya wote, nikamwambia, "Siku akikuumiza, njoo. Hapa hakuna atakayekuuliza umemkosea nini."