Huyu wa Kushoto

Gari la mume wangu hukaa sebuleni, juu ya mkeka, kila Jumapili baada ya chakula. Halionekani. Yeye huketi chini, miguu kainyoosha mbele, mgongo kauegemeza kwenye mto, na mfuniko wangu wa sufuria ndio usukani. "Gari la namna hii unakaa chini kabisa," huniambia. "Makalio na lami ni majirani." Basi mimi na vyombo vyangu tunapita kwa adabu, tusije tukagongwa.

Ni fundi wa bodi. Wiki nzima hunyoosha mabati ya magari ya watu, nami nashona viti vyao hapo hapo gereji. Jioni tunarudi kwa baiskeli, yeye kwenye pedali, mimi kwenye keria. Wenzake wamembandika jina Gramu, maana hakuna kipande kinachopita mikononi mwake asikipime, mpaka skrubu. Gari lake litakuwa na milango miwili, viti viwili, boneti ya alumini, paa linaloteremka nyuma taratibu, na litasukumwa na magurudumu ya nyuma.

"La kuvutwa mbele ni mbuzi anayeburutwa sokoni," husema. "La kusukumwa linakwenda kwa hiari yake. Kama baiskeli yetu, mke wangu. Na wewe umekalia pale pale penye nguvu."

Nami, Mungu anisamehe, nilishaanza kuliamini. Kwenye mkeka nina nafasi yangu, kushoto kwake. Nikimaliza vyombo naketi pale, nafumba macho, na kona zinakuja moja moja, upepo unapiga mluzi dirishani, gari jepesi hata nasahau kwamba nina mwili. Miguu tu naikunja kidogo, nisimzidishie mzigo. Starehe kama hiyo sijaipata pengine.

Sasa huyu bwana ana ugonjwa mmoja: vipuri kwake ni watu. Nati ikikataa kufunguka, "huyu ana kiburi." Nalijua hilo. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nateleka maji ya chai, nikamsikia kwenye simu na mdogo wake, fundi rangi.

"Huyu wa kushoto lazima aondoke," anasema. "Mzito! Ameniharibia hesabu yote. Nimemvumilia vya kutosha."

Kijiko kikanitoka mkononi. Lo! Mimi? Kweli watoto wanne na kushinda kwenye cherehani vimeninenepesha, lakini mtu afukuzwe hata kwenye gari lisilokuwepo? Iliniuma, sifichi. Angenifukuza nyumbani ningekuwa na wakwe na majirani wa kunitetea. Ndotoni mwa mtu, kesi utampelekea nani?

Nikatoka mbio, nikampokonya usukani.

"Nipe mfuniko wangu! Endesha peke yako, uwe mwepesi kama unyoya!"

"Kuna nini tena, mama watoto?"

"Si huyu wa kushoto anaondoka? Haya, ameondoka!"

Akanikodolea macho. Kisha akacheka mpaka mto ukateleza mgongoni.

"Betri, mke wangu! Betri alikuwa mbele, kushoto. Na wewe kushoto. Gari likawa linalala upande. Mmoja wenu ilibidi ahame."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimemhamishia betri kwenye buti. Huko atayakandamiza magurudumu vizuri."

"Na uzito wangu umeujulia wapi, wewe?"

"Nakubeba kila jioni, nitakosaje kuujua?" Akaupangusa mkeka kwa kiganja, upande wangu. "Vingine vyote nimevipima nione cha kupunguza. Wewe nilikuweka kwanza, ndipo nikaanza kupima."

 Nikamrudishia mfuniko, nikaketi, nikanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho wa mkeka.

"Haya, washa," nikamwambia. "Maji yanachemka bila mfuniko."