Nta ya Damu ya Mzee

Baba yangu alimwozesha mjukuu wake akiwa na doa jekundu mgongoni mwa kanzu, pana kama sinia, na aliyesababisha doa hilo ni mimi. Lilifichwa na koti langu. Yeye hakuliona, au ndivyo ninavyoamini.

Bibi harusi ni binti wa marehemu kaka yangu. Kwa kuwa baba yake hayupo, walii wa kumwozesha alikuwa babu yake, na babu alilichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Alikuwa anasimama mahali pa mwanawe, na alitaka asimame vizuri: kanzu mpya, kofia ya kushonwa kwa mkono, na gari lake linalong'aa.

Gari lenyewe ni dogo, lina umri unaomzidi bibi harusi, na rangi yake ni damu ya mzee. Baba aliacha kuliendesha mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili, lakini hakuacha kulitunza. Huku Zinga upepo wa bahari unaleta chumvi na barabara inaleta vumbi, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu gari hupakwa nta upya. Kujua kama nta ya zamani bado ipo, baba humwaga kikombe cha maji juu ya boneti na kupapasa. Maji yakijikusanya kama shanga, nta ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Wiki ya harusi yalitandaa.

"Limekufa hili," alisema, akijipangusa kidole kwenye msuli. "Siendi harusini Kerege na gari lililokufa. Katafute nta."

Kopo lake lilikuwa tupu. Nilikwenda dukani, nikamwambia mama muuzaji nataka nta.

"Nyeusi au damu ya mzee?" aliuliza.

Nilifurahi kuulizwa swali ambalo jibu lake nalijua. "Damu ya mzee," nikasema. Akachota kutoka kwenye kopo kubwa, akanipimia katika kikopo cha plastiki kisicho na maandishi. Mama yangu alikuwa ananituma kitu hicho hicho nilipokuwa mdogo, cha kusugulia sakafu ya sebule kwa kumbi la nazi. Nta ya gari haina haja ya kufanana rangi na gari. Nililijua hilo, ila siku ile halikunijia.

Nililisogeza gari kivulini nikaanza na boneti, kisha milango, sehemu moja moja, kwa fulana kuukuu. Nta ya gari ukiipaka nyembamba hukauka ikawa nyeupe kama ukungu, ndipo unaifuta. Hii haikuwa nyeupe. Fulana iligeuka nyekundu, nikajiambia ni rangi ya zamani inatoka. Baba akaja, akainama, akanusa.

"Inanukia kama sebuleni kwa mama yako."

"Nta zote ndizo hizo, baba."

Akamwaga maji yake. Yakajikusanya shanga safi kabisa. Akacheka peke yake, akanipiga begani.

Siku ya harusi tuliondoka baada ya Adhuhuri. Mama alichelewa kufunga mtandio, na baba akamsubiri kwa mtindo wake wa miaka yote: mgongo umeegemea mlango wa gari, mikono nyuma, juani. Tulipofika Kerege alishuka wa kwanza. Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma, alimtazama mgongoni, akanishika mkono.

"Hiyo ni sakafu yangu," alininong'oneza. "Umempaka baba yako sakafu yangu!"

Buibui lake jeusi lilikuwa salama. Kanzu haikuwa salama hata kidogo. Na mjomba wa bwana harusi alikuwa tayari anakuja kutupokea.

"Mzee shikamoo! Gari lako linang'aa kuliko bwana harusi wetu!"

"Marahaba. Basi naye mpakeni nta," alijibu baba, na kicheko kikampa nafasi mama ya kusimama nyuma yake huku nikivua koti.

"Vaa hili, baba."

"Na joto hili? Naumwa?"

"Walii huvaa koti."

"Tangu lini?"

"Tangu leo," mama akasema, akamwingiza mkono wa kwanza yeye mwenyewe.

Alilivaa. Lilimbana mabegani. Aliketi mbele ya shehe akitokwa jasho, akashika mkono wa bwana harusi, akayasema maneno ya kuozesha bila kusita hata mahali pamoja. Alipomtaja mjukuu wake na jina la baba yake, sauti ilishuka kidogo, kisha ikapanda. Sikuwa nimemwona ameridhika vile tangu kaka afariki.

Kesho yake nililisugua gari kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaliosha kwa sabuni, nikapanda hadi Bagamoyo mjini kutafuta nta yenyewe. Mama aliifua kanzu mara tatu. Doa limefifia likawa rangi ya waridi, lakini halijatoka.

Wiki iliyopita maji yalitandaa tena juu ya boneti. Nilipofungua kopo jipya, baba alinusa, akanusa tena.

"Ile ya harusi imekwisha?"

"Imekwisha, baba."

"Ilikuwa nzuri ile," akasema, akaenda zake kuchukua kikombe.

Kanzu ile ya harusi baba anaivaa kila Ijumaa. Mama amemwekea nyingine mbele ya ile sandukuni, anaipita na kuchukua yenye doa. Jicho la kulia la baba litafanyiwa upasuaji mwezi ujao.