Aliyevuka Uwanja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikitoka kwenye kikao cha kamati ya vijana wa kanisa letu pale Ngokolo, daftari kwapani na masikio yakiniwaka. Ndani ya daftari mlikuwa na mchezo wa kuigiza nilioutunga kwa miezi minane. Ulihusu baba mmoja wa Kisukuma anayeletewa habari kwamba mwanawe amefukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la dhahabu, huko Geita. Nilitaka uchezwe Pasaka. Kamati ilisikiliza kurasa nne ikaukataa. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba watu wa mchezo wangu hawaongei, wanahubiri. Binti mmoja wa kwaya akaongeza kwamba baba akilia kwa hotuba ndefu namna ile, maiti itachoka kusubiri. Wakacheka, na mimi nikajifanya nacheka.

Sikwenda nyumbani. Niliendesha baiskeli mpaka Kolandoto kwa Baba Masanja, rafiki wa marehemu baba yangu. Zamani alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Alipobatizwa aliacha dawa za ngoma, lakini nyimbo hazikumwacha. Nilimkuta uani na mkewe wakipukuchua mahindi. Nikawaamkia, nikaketi, nikamweleza kwamba mwenyekiti ananionea wivu, na kwamba daftari lile nitalitia kwenye moto wa jikoni kwake kabla sijarudi mjini.

Unajua, mwanangu, ngoma zetu zinavyoshindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, upande huu na ule wa uwanja, wala hakuna jaji. Watu wenyewe huhama. Upande uliojaa ndio umeshinda, na manju aliyekimbiwa hubaki na wapiga ngoma wake na mbwa wawili watatu.

“Mimi nimekimbiwa mara nyingi, ng'wanawane, mwanangu,” mzee aliniambia. “Kila nilipokimbiwa nilisema nimerogwa, nikaenda kwa mganga kutafuta dawa kali zaidi. Siku moja nikachoka. Nikaacha ngoma yangu, nikavuka uwanja, nikasimama katikati ya watu wa mwenzangu, nikasikiliza wimbo wake. Unajua nilikuta nini?”

Nikasema sijui.

“Ulikuwa mzuri kuliko wangu.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nisome.

Nikasoma. Nilipofika pale kijana anapofukiwa, Mama Masanja aliinuka taratibu akaingia jikoni. Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa aibu kubwa, kwamba mtoto wao Masanja naye alifia kwenye duara, mwaka wa sita huo. Nikafunga daftari. Mzee akanipungia mkono niendelee. Basi nikamsomea kilio cha yule baba, ukurasa mzima na nusu. Aliligeuza gunzi mkononi.

“Baba huyu anasema sana,” alisema mwishowe. “Mimi nilipoletewa habari, niliuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.”

Sikuelewa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba tangu utoto mwenye kunywesha ng'ombe alikuwa Masanja, na kila mmoja alimpa jina. Kuuliza habari za ng'ombe ilikuwa kumuuliza yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwanangu. Mimi niliuandika bila kuuliza. Nikamwomba anipe maneno yale.

“Chukua,” alisema. “Mimi sina pa kuyaweka.”

Jioni Mama Masanja alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza kama mzee ameniambia ya ng'ombe. Nikaitikia.

“Mwanangu kafa, mwenzangu anauliza ng'ombe,” alisema. “Mpaka leo sijamsamehe.”

Nilipaswa kumweleza maana ya swali lile, nikakosa ujasiri. Lakini daftari halikuchomwa. Njia nzima nilimwomba Mungu, maana nilijua sasa nimebeba kitu kisicho changu.

Niliuandika mchezo upya. Kilio kikafutwa chote. Kamati ikakubali uchezwe alasiri moja, si Pasaka, kwenye uwanja wa kanisa la Kolandoto. Wanaume walikaa upande wa mabenchi, akina mama upande wa mikeka, kama ilivyo desturi. Baba wa kwenye mchezo akaletewa habari. Akauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Akaambiwa wamekwisha kunyweshwa. Akachukua ndoo hata hivyo, akaenda kumimina maji, akiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina aliyowapa mwanawe.

Hakuna aliyecheka. Nikamwona Mama Masanja akisimama. Akavuka uwanja mbele ya watu wote, akaenda kuketi chini, kando ya mume wake. Mzee hakugeuka. Alisogeza tu fimbo yake ili mkewe apate nafasi.

Nimeona umati ukihama kwa mamia, mwanangu. Siku ile alihama mtu mmoja, na mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Nani alipanga kwamba nikataliwe ndipo nifike uani pale? Nilivua kofia.

Mchezo ule ulipelekwa kwenye mashindano ya vijana, ukarudishwa. Nikauliza kosa, nikalirekebisha, ukarudishwa tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi wewe unayeandika usiku na mchana, ukikataliwa usitafute mchawi. Lia kidogo, si vibaya, kisha uvuke uwanja ukasikilize walichokipenda watu. Kabla ya kuandika msiba wa mtu, kaa naye mpukuchue mahindi. Wala usihesabu waliohama. Huenda Mungu ametaka ahame mmoja tu, na wewe ukapewa neema ya kumwona.

Bwana akupe sikio kabla ya ulimi, akulindie daftari lako na moto wa hasira, na maneno yasiyo na pa kuwekwa ayapatie mahali kwako. Amina.